Vitwitwi wa Majaruba: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege Wahamiaji kwenye Ardhioevu za Arusha na Moshi

Malalamiko huanza Oktoba. Mtu amepanda daladala hadi Tengeru, akazunguka Ziwa Duluti lote, akarudi na picha za yangeyange wawili. Mwingine ameshuka Mabogini saa nne asubuhi, akakuta majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vyenye maji, yamejaa ndege wadogo wa kahawia, akapiga hatua kumi, wote wakaruka kwa mkupuo na vilio vyao vyembamba, asimtambue hata mmoja. Wa tatu alikuwa na darubini nzuri ya kuazima lakini aliona weusi mtupu, kwa sababu jua lilikuwa linamchoma usoni.

Nimetembea na watu wa namna hii kwa misimu kadhaa. Hawakukosa bahati. Ndege walikuwepo. Walichokosa ni mpangilio: mahali, saa, upande wa jua, na subira ya kutazama kabla ya kutaja jina. Fuata hatua hizi kama zilivyopangwa. Ya nne ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo isome mara mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Watu wa Pwani humwita kitwitwi yule ndege mdogo wa miguu myembamba anayekimbia ukingoni mwa maji. Hapa nitalitumia jina hilo kwa kundi zima la ndege wa tope, wadogo na wa kimo cha kati. Kwa aina moja moja nitataja jina la kisayansi, maana hilo utalikuta katika vitabu vingi vya ndege, viwe vimeandikwa kwa lugha gani.

## Vifaa

Darubini. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi pana huingiza mwanga mwingi, jambo unalolihitaji alfajiri. Jihadhari na zile ndogo za sokoni zinazodai kukuza mara 30 na zaidi. Mkono wa mtu hauwezi kutuliza picha hiyo. Utaona mtetemo tu. Huna fedha ya kununua? Azima, au mshirikiane wawili kwa moja. Darubini moja safi ni bora kuliko mbili mbovu.

Daftari dogo na penseli. Penseli, kwa sababu wino hutawanyika karatasi ikilowa.

Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye michoro, au programu ya Merlin kwenye simu. Pakua orodha ya ndege wa Tanzania ukiwa nyumbani. Ukingoni mwa bwawa mtandao hupotea wakati unapouhitaji zaidi.

Gambuti, ikiwa unaenda kwenye majaruba au mifereji. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya kwanza.

Nguo za kahawia, kijani iliyofifia au khaki. Shati jeupe huonekana na ndege kutoka mbali. Ongeza kofia yenye ukingo, maji ya kunywa, dawa ya kupaka ya kuzuia mbu, na kuanzia Novemba koti la mvua.

Kipande cha turubai au kigoda. Watu hukidharau, kumbe ndicho kitakachokupa ndege wengi kuliko vifaa vingine vyote, kwa sababu mtu aliyekaa vizuri hasogei.

Kamera kubwa si lazima. Kwa anayeanza ni kikwazo, maana atahangaika na picha na ndege hatamtazama.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kwa kumfuata ndege unayemtaka

Kosa la kwanza hufanyika kabla hujatoka nyumbani. Watu husikia neno "ardhioevu" wakadhani kila maji yana ndege wale wale. Kitwitwi hula kwa kuchokoa tope na maji yasiyozidi kimo cha miguu yake. Pasipo tope wala maji mafupi, hakai.

Ziwa Duluti, Tengeru. Ni ziwa la kreta, kingo zake zimeinama kwa ukali na msitu umeshuka hadi majini. Tope ni dogo sana. Kwa hiyo usiende Duluti kutafuta makundi ya vitwitwi. Nenda kwa ajili ya furukombe, mdiria, mnandi na mbizi anayekausha mabawa yake kwenye mti mkavu. Ni mahali pazuri mno pa kujifunza kutumia darubini, kwa sababu ndege hao ni wakubwa na hutulia.

Maziwa ya Momela, Hifadhi ya Taifa Arusha. Unaingia kwa barabara inayochepuka Usa River. Maziwa haya yana magadi, na rangi zake hutofautiana kwa sababu ya mwani ulioota ndani ya kila moja. Hapa utapata heroe, bata wa aina nyingi, vibisi, na vitwitwi kwenye kingo zilizo wazi. Usiende kwa ajili ya heroe peke yao, maana huhama wakifuata chakula. Leo wapo kwa maelfu, wiki ijayo ziwa ni tupu. Chukua kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni, na uliza mapema namna ya kulipa. Usitegemee fedha taslimu getini.

Majaruba ya Lower Moshi: Mabogini, Chekereni na vijiji jirani. Kwa maoni yangu hapa ndipo shule yenyewe. Maji ya mifereji, tope laini, na ndege walio karibu kuliko mahali pengine popote nilipopitia mkoani Kilimanjaro. Karibu na Mabogini yapo pia mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji wa Moshi. Maji hayo yana wadudu wengi na ndege huyapenda, lakini ni eneo la kazi: omba ruhusa ofisini kwanza, usipenye uzio.

Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni kubwa, liko mahali pakavu panapokutana maji ya Kikuletwa na Ruvu. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za vuli, maji hupungua na kuacha fukwe za tope ambazo ndege huzijaza. Ubaya wake ni umbali: ndege wanaweza kuwa mita mia mbili kutoka uliposimama. Lifanye safari ya pili au ya tatu.

Hapo kwenye mvua pana siri ambayo wengi hawaijui. Kule Ulaya na Asia ya kaskazini ndege hawa wanakotoka, Septemba hadi Novemba ni msimu wa majani kupukutika na baridi kuanza. Huku kwetu ni mwisho wa kiangazi. Maji yako mahali pachache, na ndege wote hulazimika kukusanyika hapo. Vuli ikishapiga sawasawa, kila dimbwi la tambarare linakuwa hoteli yao nao hutawanyika. Kwa hiyo ukitaka wengi mahali pamoja, nenda mapema. Ukisubiri Desemba utawakuta, lakini wametapakaa.

*Hatari za kuzingatia.* Maji ya mifereji ya Lower Moshi yana kichocho. Usiingie miguu mitupu hata kama watoto wanaogelea mbele yako. Momela kuna nyati na viboko: hushuki kwenye gari ila mahali paliporuhusiwa, na kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa hifadhi. Nyumba ya Mungu kuna viboko na mamba. Usikae ukingoni kabisa, na waulize wavuvi wa Lang'ata au kijiji ulichofikia ni upande gani wasiokanyaga wao wenyewe.

## Hatua ya 2: Rekebisha darubini ukiwa nyumbani

Nusu ya watu ninaokutana nao wanatazama kwa darubini isiyolingana na macho yao. Wanapata kichwa kuuma, wanadhani ni kifaa kibovu.

Simama mita ishirini kutoka kwenye bango lenye maandishi. Bana au tanua darubini katikati mpaka uone duara moja, si mawili. Funga jicho la kulia, tazama kwa la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi herufi zitulie. Kisha funga la kushoto, tazama kwa la kulia, na safari hii usiguse gurudumu la katikati. Zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Herufi zikitulia, weka alama kwa kalamu ya rangi. Tangu hapo utatumia gurudumu la katikati tu.

Halafu fanya zoezi hili jioni mbili: mtazame kunguru aliye juu ya nguzo kwa macho matupu, usiondoe macho kwake, inua darubini mpaka ije yenyewe mbele ya macho. Anayeinua darubini kwanza ndipo atafute ndege, atatafuta mpaka ndege aondoke.

Umefaulu ukiweza kumpata kunguru kwa sekunde mbili, mara tano mfululizo. Na kamwe usielekeze darubini kwenye jua. Inaharibu jicho papo hapo.

## Hatua ya 3: Panga saa na upande wa jua

Oktoba na Novemba jua letu huchomoza kama saa kumi na mbili na robo asubuhi. Uwe umeshafika. Saa mbili za kwanza ndege wanakula kwa bidii, upepo umelala, na mvuke haujaanza kupanda juu ya maji. Kuanzia saa nne mvuke huo huvuruga picha ndani ya darubini, na ndege hupumzika mdomo ukiwa umefichwa mgongoni, mdomo ule ule unaouhitaji kumtambua. Jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili, ni nafasi ya pili.

Asubuhi jua liko mashariki, hivyo kaa ukingo wa mashariki utazame magharibi, jua likiwa mgongoni mwako. Jioni geuza. Jambo hili dogo linabadilisha kila kitu: ndege aliyekuwa kivuli cheusi anapata madoa, nyusi (mstari mweupe juu ya jicho) na rangi ya miguu. Fungua ramani kwenye simu usiku uliotangulia, uone njia ipi itakufikisha upande huo.

## Hatua ya 4: Ingia polepole, kisha keti

Hapa ndipo safari nyingi hufa.

Kwanza, watu. Majaruba si pori, ni shamba la mtu. Salimia kila unayempita. Wakulima wa mpunga wako vitani na kwelea kwelea, na mtu mwenye darubini anazua maswali. Nakumbuka asubuhi moja Mabogini, mzee aliyekuwa anafungulia maji alitusimamisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio mmetumwa kuua kwelea?"

"Hapana mzee. Tunawahesabu hawa wadogo wa kwenye tope."

"Hawa? Hawa hawali mpunga, wanakula wadudu." Akanyoosha mkono. "Nendeni pale pawatila ilipopita jana. Wamejaa."

Alisema kweli. Jaruba lililochavangwa karibuni, yaani lililovurugwa tope kwa pawatila (trekta dogo la mkono) kabla miche haijapandikizwa, lina tope laini, maji ya kufika kwenye vifundo na wadudu waliofukuliwa. Mpunga ukishafunga, vitwitwi hawaingii. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkulima si "ndege wako wapi?" bali "wapi mmechavanga juzi na jana?" Uliza pia kama kuna dawa iliyopulizwa; kama ipo, ondoka upande huo.

Pili, mwendo. Usiwaendee ndege moja kwa moja. Pita kwenye kingo ukiwa umeinama kidogo, kwa kukata upande, kana kwamba unakwenda pengine. Kila hatua kumi simama. Watazame: wakiendelea kula, sogea. Wakikaza shingo na kuinua vichwa, umefika mwisho wako. Rudi hatua mbili, tandika turubai, keti.

Ukiwa umeketi unapoteza umbo la binadamu aliyesimama, na hilo ndilo wanaloliogopa. Usinyooshe kidole. Usiite "njoo uone!" Zima mlio wa simu, wala usipige sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwavuta.

Tatu, ngoja robo saa kamili kwa saa. Hata kama wameruka wote ulipofika, wengi hurudi pale pale kwa sababu chakula kipo pale. Nimeona watu wakiondoka dakika ya nane, na dakika ya kumi na mbili kundi likashuka.

Sababu nyingine ya kuwa mpole inanigusa sana. Kitwitwi mdogo kuliko wote, Calidris minuta, ana mwili wa kimo cha shomoro. Amezaliwa kwenye tundra ya Aktiki na amefika Mabogini kwa mabawa yake mwenyewe. Amekonda, anajenga upya mafuta aliyoyachoma njiani. Kila ukimkurupusha bure unamfanya atumie mafuta anayohangaika kuyajenga.

Kundi zima likiruka ghafla nawe hujasogea, tazama juu. Mara nyingi ni kozi, au mwewe wa matete, Circus aeruginosus, naye ni mhamiaji, anapita chini chini juu ya mpunga mabawa ameyainua kama herufi V. Usisikitike. Ndiyo nafasi yako ya kuwaona vitwitwi wakiwa hewani, na kwenye hatua ya sita utaona faida yake.

Umefaulu hatua hii ndege wakila mbele yako bila kukutazama.

## Hatua ya 5: Wajue wenyeji kwanza

Usimguse mgeni kabla hujawajua wenyeji watano, kwa sababu utawatumia kama rula. Hawa wapo mwaka mzima na ni rahisi:

Yangeyange huna haja ya kufundishwa. Kwarara mweupe ana kichwa cheusi na mdomo uliopinda kama mundu. Vanellus armatus ni mweusi, mweupe na kijivu, mkali wa kelele. Mlio wake ni kama nyundo ndogo ikigonga chuma, na ndiye atakayewatangazia wenzake kwamba umefika. Himantopus himantopus ana miguu mirefu ya waridi isiyolingana na mwili wake, huwezi kumkosea. Na Charadrius tricollaris, mdogo, ana mistari miwili myeusi kifuani, katikati mweupe, na pete nyekundu kuzunguka jicho.

Huyu wa mwisho ni rula yako ya udogo. Vanellus ni rula ya ukubwa. Kuanzia sasa kila ndege mpya ni "mdogo kuliko pete-nyekundu" au "yuko kati ya wawili hawa". Usiandike "mdogo" tu. Mdogo kuliko nani?

## Hatua ya 6: Watenganishe ndugu watatu

Ukiweza hawa watatu umeweza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu ndio wanaochanganywa kila siku. Wote ni wa kahawia juu na weupe chini, wote wanatikisa mkia kwa kiasi fulani, wote wana mdomo mnyoofu. Watazame kwa utaratibu huu: mwendo, bega, nyusi, miguu, kisha bawa akiruka.

Actitis hypoleucos. Mara nyingi yuko peke yake, kwenye jiwe, ukingo wa saruji wa mfereji au gogo. Duluti yupo pia. Nyuma yake inapanda na kushuka bila kukoma, kana kwamba ina springi. Alama isiyodanganya iko begani: weupe wa tumbo unapanda mbele ya bawa kama ndoano. Akiruka hupita chini kabisa juu ya maji, mabawa yamekaza, mapigo mafupi, kisha anateleza. Kuna mstari mweupe kwenye bawa. Juu ya mkia ni kahawia.

Tringa glareola. Huyu ndiye wa majaruba, na mara nyingi ndiye anayeunda yale makundi yaliyoruka. Mgongo umejaa madoadoa ya rangi nyeupe-krimu, nyusi ni nyeupe na ndefu, inapita nyuma ya jicho. Miguu ni ya njano au njano-kijani, mirefu kuliko ya mwenzake. Akiruka, juu ya mkia panang'aa weupe, bawa halina mstari, na chini ya bawa ni kijivu hafifu. Hulia "chif-if-if" kwa haraka.

Tringa ochropus. Mchache, mpweke, hupenda kona zenye kivuli, mifereji iliyofichwa na madimbwi madogo. Kwa mbali ni kama mweusi na mweupe. Nyusi ni fupi, inakomea mbele ya jicho, na jicho lina pete nyeupe. Akikurupushwa hupanda juu kwa kupindapinda, na hapo utaona weupe mkali juu ya mkia huku chini ya bawa pakiwa peusi. Weusi huo wa chini ya bawa ndio hukumu. Hakuna mwingine kati ya watatu anao.

Utaona sasa kwa nini nilisema usisikitike mwewe akipita. Kwa sekunde tatu za kuruka unapata majibu matatu: mstari wa bawa upo au haupo, mkia una weupe au hauna, chini ya bawa ni peusi au ni kijivu. Jizoeze kuyatazama hayo matatu tu, usijaribu kuona mwili wote.

Onyo kuhusu vijana. Wazazi huanza kufika Agosti, na watoto waliozaliwa mwaka huo huo hufuata Septemba na Oktoba. Vijana wana manyoya mapya yenye kingo angavu, mgongo unaonekana kama magamba ya samaki. Wazazi wamechakaa, rangi zimekwajuka. Kwa hiyo ndege wawili wa aina moja, bega kwa bega, wanaweza kufanana kidogo kuliko ndege wa aina mbili. Ndiyo maana rangi naiweka mwisho, nyuma ya mwendo na umbo.

## Hatua ya 7: Ongeza wengine wanne, si zaidi

Kwa msimu wa kwanza wanatosha.

Calidris minuta niliyemtaja: mdogo kuliko wote kwenye tope, miguu myeusi, anakimbia na kudonoa kama cherehani. Kijana wake ana mistari miwili myeupe mgongoni iliyokutana kama V.

Calidris pugnax: kichwa kidogo, shingo ndefu, mgongo wa magamba. Dume ni mkubwa kuliko jike kwa kiasi kwamba anayeanza huandika aina mbili. Ile kola kubwa ya manyoya utakayoiona kwenye kitabu ameshaipukutisha kabla hajatufikia, usiitafute.

Tringa nebularia na Tringa stagnatilis ni warefu, wa kijivu na weupe. Tazama mdomo. Wa kwanza una unene na umepinda juu kidogo, na hulia mara tatu, "tyuu-tyuu-tyuu", ukasikika jaruba la tatu. Wa pili mdomo ni mwembamba kama sindano.

Juu ya kichwa chako kutakuwa na mbayuwayu wa Ulaya kwa mamia na walanyuki wakipita juu sana. Waandike.

## Hatua ya 8: Andika hapo hapo, hesabu, kisha tuma

Andika kabla hujafungua kitabu. Hili ninalisisitiza kwa nguvu. Ukifungua kitabu kwanza, macho yataanza kuona kilichochorwa. Maandishi yangu huwa hivi:

*Mabogini, 12 Oktoba, saa 12:50 asubuhi. Mmoja. Kati ya pete-nyekundu na Vanellus, karibu zaidi na pete-nyekundu. Nyusi ndefu. Miguu njano. Madoa mengi mgongoni. Aliruka: mkia mweupe, bawa bila mstari, chini kijivu. Chif-if-if.*

Jina halipo, na halihitajiki bado. Ukikaa kivulini na kitabu litajitokeza lenyewe. Alama zikikosekana andika "kitwitwi, hakutambuliwa", na hiyo ni kumbukumbu halali. Mimi bado ninaiandika kila safari.

Kuhesabu kundi kubwa: hesabu kumi, kumi kwa makini, uone kumi wanachukua nafasi gani machoni mwako. Kisha pima kundi lote kwa nafasi hiyo: kumi, ishirini, thelathini. Fanya mara mbili, kutoka kushoto na kutoka kulia, uandike wastani. Ndege wakiwa wanatembea kuelekea upande mmoja, hesabu dhidi ya mwendo wao.

Kumbukumbu isifie kwenye daftari. Programu ya eBird ni ya bure na inapokea orodha yako pamoja na mahali na muda. Kwa nchi yetu upo pia mradi wa Tanzania Bird Atlas unaokusanya kumbukumbu za aina hii. Andika muda uliokaa na umbali uliotembea, kwa sababu ndege 40 kwa robo saa na ndege 40 kwa saa tatu ni habari mbili tofauti.

Rudi baada ya wiki mbili, ukingo ule ule, saa ile ile. Usibadilishe mahali kwa tamaa ya ndege wapya; safari tatu mahali pamoja zitakuonyesha nani kafika, nani kapita tu, na maji yamebadilika vipi. Na kila Januari hufanyika hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayoratibiwa na Wetlands International. Kama kufikia Desemba unaweza kuwatenganisha wale ndugu watatu kwa kuruka kwao tu, ulizia kikundi kinachohesabu karibu nawe. Watu wa kuhesabu hawatoshi, hasa upande wa Nyumba ya Mungu, na daftari lako la penseli ndilo watakaloomba kuliona kwanza.